Marahaba Bila Shikamoo

Marahaba.

Najua hakuna aliyeniamkia. Nimesimama tu, mwenyekiti wetu amenikaribisha, na neno limetoka lenyewe. Mnaonifahamu mmeshazoea. Wageni, nisameheni, wala msidhani nimekuja hapa kudai heshima. Hilo ndilo neno lililobaki kichwani mwangu mengine yote yalipoondoka, na hata leo, nikishtuka kidogo, linatangulia mbele. Kwa hiyo nimelitoa mapema lipite, tuendelee.

Halafu ombi. Nikikwama, msinipe neno. Najua mnatamani. Anayemuuguza mtu wa kiharusi hupata ugonjwa wake mwenyewe, wa kuwamalizia watu sentensi, na humu ukumbini wagonjwa wa namna hiyo ni wengi kuliko sisi wenye mikongojo. Ngojeni. Litakuja, na lisipokuja nitapita njia nyingine.

Mimi ni mwalimu wa saikolojia. Nilianza kwa kuwafundisha vijana wanaosomea ualimu, nikaenda kusoma nje, nikarudi nikafundisha Dar es Salaam mpaka wakaniita profesa. Kisha nikaomba kuja kufundisha chuo cha huku ziwani, Mwanza. Wenzangu walinicheka, wakasema nakwenda kuwafundisha sangara. Lakini huku ndiko walikokuwa watu niliowahitaji. Nilikuwa nafanya utafiti wa ubongo na maneno. Mtu akipigwa kiharusi, au malaria ikimpanda kichwani, halafu akapona akiwa hawezi kusema, maneno yake yamekwenda wapi? Yamekufa, au yapo ndani yamefungiwa? Swali hilo lilinila miaka yangu yote ya kazi. Nilizunguka na redio ya kaseti, Misungwi, Nansio, visiwani, nikiwarekodi watu waliobaki na maneno machache. Misungwi kulikuwa na mama mmoja mwenye neno moja tu: kesho. Ukimuuliza jina, kesho. Ukimpa uji, kesho. Ukimwambia mwanao amefika, anatabasamu, kesho. Niliwasikilizisha wanafunzi wangu kaseti yake, wakacheka kidogo kama watu wanavyocheka wakiogopa, halafu nikachora ubongo ubaoni na kuwaonyesha mahali palipoharibika.

Basi ikaja miaka hii ya soko huria. Mliokuwepo mnakumbuka. Mji ulichangamka: viwanda vya minofu vikajengwa ufukweni, ndege zikawa zinakuja kubeba samaki kwenda Ulaya, na sisi tukajifunza kula mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, na kuyasifia. Watu wa biashara walinenepa. Watu wa chaki tulinyauka. Wafadhili wa utafiti wangu wakahamia kwenye mambo mengine, chuo kikaanza kupunguza watu, na kila asubuhi tulikuwa tunaangaliana ofisini tukijiuliza nani anafuata. Nilikuwa silali vizuri, presha ilipanda, dawa nikawa nazimeza nikikumbuka. Daktari alinionya. Nilimwambia nina vipindi vya kufundisha.

Ilitokea darasani, asubuhi, nikichora ubongo ule ule ubaoni. Chaki ilianguka. Nikainama kuiokota, mkono wa kulia ukakataa. Binti mmoja wa mstari wa mbele akasimama akasema, "Profesa, vipi?"

Nikamjibu, "Marahaba."

Darasa likacheka. Walidhani natania, maana nilikuwa mtu wa utani. Nikataka kusema niitieni gari, nikasema marahaba. Nikataka kusema si utani, nikasema marahaba. Kicheko kikapungua, kikaisha, na yule binti akaanza kulia kabla sijafika sakafuni. Fikirini wenyewe. Kila siku ya kazi yangu, kuanzia getini mpaka mlango wa darasa, wanafunzi waliniamkia shikamoo profesa, shikamoo profesa, nami niliitikia nikitembea, kichwa changu kikiwa kwenye mambo mengine. Nadhani ndiyo maana ndilo lililobaki. Sikuwa nalifikiria kamwe, kwa hiyo halikukaa pale nilipoharibikiwa.

Ndugu zangu, kuna uchungu mmoja ambao wengi wenu hamkuupata, na namshukuru Mungu kwamba hamkuupata. Nililala wodini nikijua kila kitu. Nilijua mshipa upi umeziba, nilijua upande gani wa ubongo umekufa, nilijua jina la ugonjwa wangu kwa lugha zote nilizosomea, na sikuweza kulitamka hata kwa moja. Kiingereza kilikwenda. Kiswahili kilikwenda. Kikerewe, lugha niliyonyonya nayo, nacho kilikwenda. Mke wangu akiniuliza kama nina kiu, nilisikia na kuelewa, nilitaka kusema ndiyo, na mdomo ulifunguka ukatoa neno lile lile. Nilikuwa nimekaa ndani ya ile kaseti yangu.

Mkuu wetu wa chuo alikuja kuniona. Nilikuwa nimesharudishwa nyumbani, bado tunakaa nyumba ya chuo. Alikuja na mtu wa utumishi, wakakaa, wakanywa chai, wakasema pole. Kisha akajikohoza.

"Profesa, unajua hali ya chuo ilivyo. Serikali imetubana. Tumeona wewe upumzike moja kwa moja, ujiuguze vizuri. Tukaona tusikufanyie bila kukusikiliza. Unaliafiki hilo?"

Nilisema hapana. Kwa moyo wangu wote nilisema hapana. Nilisema miezi michache tu, mnipe miezi michache, nitarudi darasani hata kwa mkongojo. Kilichosikika mle sebuleni ni, "Marahaba."

Akashusha pumzi. Akanishika mkono, ule uliokufa. "Unaona?" akamwambia mwenzake. "Mtu mwenye busara. Amelipokea vizuri."

Mke wangu alipiga kelele kwamba sivyo, kwamba hilo ndilo neno langu pekee. Wakamwambia, "Mama, tunaelewa, ni uchungu." Wakaondoka. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Bukoba. Baba yake alipopata habari alisafiri kuja kuniona, mzee wa watu, kanzu yake imepigwa pasi, fimbo mkononi. Mkwe wangu ni mtu wa heshima na anaipenda heshima. Alisimama mlangoni, akaningoja nimwamkie. Nilimwona akingoja. Nikakusanya nguvu zote, nikafungua mdomo, nikamwitikia shikamoo ambayo hakunipa.

Mzee akamgeukia binti yake, akasema polepole, "Mumeo ananidai shikamoo?"

Akaelezwa. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, lakini siku zote alizokaa kwetu alikuwa akiniona anatazama pembeni. Mtu anaweza kuelezwa jambo kichwani likaingia na moyoni likakataa. Hilo nalifahamu kwa kulisomea na kwa kulionja.

Chuo kilitaka nyumba yake, tukahamia Igogo, vyumba viwili, choo cha pamoja. Mchana mke wangu akiwa shuleni nilikaa kizingitini nikitazama malori ya samaki yakishuka. Wapita njia walinisalimia habari yako, nikawajibu marahaba. Wazee wazima waliniambia pole mwanangu, nikawaambia marahaba. Wengine walikasirika. Wengine wakaanza kuniita Mzee Marahaba, na watoto wa uani wakafanya mchezo: wanapita mbele yangu kimya, wananiangalia, wanasubiri niwaitikie. Niliacha kukaa kizingitini. Nikahamia ndani, nikafunga pazia, nikafunga na mdomo. Kwa muda mrefu sikusema hata hilo neno langu. Nitasema wazi, kwa sababu kuna mtu humu leo anayawaza niliyoyawaza: nilitamani kufa. Nilitamani sana, na kilichonichelewesha ni kwamba mkono mzima ulikuwa wa kushoto, na sikuuzoea kwa kazi yoyote.

Nisubirini kidogo.

Sasa, mama yangu. Mama alikuwa mkulima wa mihogo na mpunga kijijini kwetu, mwendo mfupi kutoka Nansio. Habari zangu zilimfika, akasubiri avune, kisha akapanda meli na kikapu cha michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, kichwani. Siku aliyofika nyumba ilikuwa imejaa. Majirani wa Igogo walikuwa wamesikia mama mzazi anakuja kutoka kisiwani, na mnajua sisi, hatukosi kwenda kuangalia. Mke wangu alinivalisha shati, akanikalisha kwenye kiti.

Niliwaza jambo moja tu tangu alfajiri. Mama asinikute hivi. Nimtolee mama shikamoo, moja tu, halafu mengine yote yasirudi, potelea mbali. Tangu nina akili sikuwahi kuingia mahali alipo mama yangu bila kumwamkia. Hata nilipotoka Ulaya na suti na digrii, nilimwamkia kwanza, ndipo nikaweka sanduku chini. Nikaifanyia mazoezi moyoni. Niliisikia kabisa, imekaa pale, safi.

Akaingia. Akatua kikapu. Akaniangalia mguu, mkono, mdomo uliopinda.

"Marahaba," nikamwambia mama yangu.

Watu wakainamisha macho. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Nilitaka sakafu inimeze. Na mama hakusema pole, hakulia, hakumwuliza mke wangu chochote. Alikunja goti. Mama yangu mzazi, mbele ya watu wa Igogo, alikunja goti kidogo kama anavyofanya binti mbele ya mkubwa, akaunganisha mikono, akasema:

"Shikamoo, baba."

Nikamjibu, "Marahaba."

Mara hii ilikuwa sawa. Mnanielewa? Tangu siku ile darasani, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nimeulizwa kitu nikajibu sawa. Mtu akiona mazungumzo yale bila kujua angedhani ni watu wawili wazima wanasalimiana. Nililia mpaka shati likalowa.

Jirani mmoja hakuvumilia. "Jamani! Mzazi anamwamkia mtoto? Si anamtafutia laana huyu?"

Mama akajinyoosha. "Nimemwamkia mwalimu. Nani ana neno?"



Baadaye mke wangu alimwuliza mama alifikirije jambo lile. Mama alisema hakufikiri kitu. Aliona watu wanataka kumcheka mwanawe, akawanyima nafasi. Basi. Msimfanye mganga. Alikuwa mzazi mwenye hasira.

Lakini mimi nililala na jambo lile nikaamka nalo. Nilikuwa nimewapima watu wasiosema kwa miaka yote ile, nikiwauliza maswali yangu na kuandika kwamba wamekosea. Sikuwahi kufikiria kubadilisha swali. Mama alibadilisha swali, na jibu langu likawa sahihi, na nilipopata jibu moja sahihi nilitaka la pili. Kila asubuhi aliniamkia, nikamwitikia. Akaongeza kidogo: "Shikamoo, baba. Umeamkaje?" Akachambua mchele, akiningoja, na mama yangu alikuwa anajua kungoja. Siku moja, baada ya marahaba, likatoka kitu kama "sa... salama." Mke wangu aliangusha sufuria.

Kumbe hayakufa. Yalikuwa yamefungiwa. Swali la miaka yangu yote ya kazi, na jibu nimelipata nikiwa nimekaa kwenye mkeka.

Mvua zilipokaribia mama alisema anarudi kulima. Tulimwomba abaki, akakataa, shamba halimsubiri mtu. Wakati wa kuondoka aliniamkia kama kawaida, kisha akaniinamia sikioni.

"Hii shikamoo ninayokupa ni ya kukuazima," akasema. "Ni yangu. Ukiipata, usimpe mtu aniletee. Uje nayo mwenyewe."

Nikamwahidi. Kwa macho, maana kwa mdomo sikuweza.

Hapo ndipo nilipoanza kazi, ndugu zangu, na sikuwahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, hata nilipoandika tasnifu. Mke wangu alirudi kutoka shule amechoka, sauti imekauka kwa kufundisha darasa lenye watoto kama siafu, akakaa mbele yangu akaanza kunifundisha mimi. Tuliimba, kwa sababu maneno yaliyokataa kusemwa yalikubali kuimbwa. Maji yalirudi. Jina la mke wangu lilirudi. Chumvi, dirisha, acha, nenda. Siku nyingine yaliyorudi jana yaliondoka tena, na nilirusha kikombe, na alikiokota. Shikamoo ndiyo iliyokataa kabisa. Kila nikiikaribia, marahaba inaruka mbele yake.

Mama alikuwa amesahau khanga yake kwetu. Jioni moja mke wangu alijifunga ile khanga mabegani, akakaa pale mama alipokuwa akikaa, akachukua ungo wa mchele, akainamisha kichwa akachambua. Hakuniangalia. Hakuniambia sema. Nilikuwa natoka chumbani na mkongojo, nikaiona ile khanga, na kabla sijafikiri mdomo ukasema, "Shikamoo, mama."

Ungo ulimwagika. Nilimngoja aitikie, uso wake wote ulitaka kuitikia. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hiyo si yangu," akasema. "Ipeleke."

Asubuhi nilipanda meli. Peke yangu; nilisisitiza. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiitamka chini chini njia nzima, shikamoo mama, shikamoo mama, kwa sauti ndogo sana asije mzee mmoja mle melini akanisikia na kuniitikia. Nilitaka ifike haijaguswa. Nilikuwa na furaha, ndugu zangu. Nilikuwa mtu mzima niliyefukuzwa kazi, nakaa vyumba viwili, mguu unaburuta, na sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha vile.

Dada yangu alinipokea uwanjani kwa mama. Nilipomwona uso nikajua. Akasema mama ameanguka na homa, imempanda kichwani, mtu wa kutuletea habari Mwanza ameondoka asubuhi ile ile, lazima tumepishana ziwani. Mganga wa zahanati amekuja ameondoka. Mama hasemi tena.

Niliingia. Alikuwa amelala upande, macho wazi. Nilipiga goti, msiniulize niliwezaje kwa mguu huu. Nikasema, "Shikamoo, mama."

Ilitoka nzima. Ilitoka kama nilivyokuwa naisema nikiwa mtoto.

Aliniangalia. Midomo ilicheza. Nikangoja, kwa sababu alinifundisha kungoja. Nikasema tena, nikangoja tena. Dada yangu aliyekuwa mlangoni alilia akasema anakusikia, kaka, anakusikia. Labda. Mimi ndiye msomi wa mambo hayo, nimeyafundisha, nimeyaandika, nimesafiri nchi za watu kuyaeleza: mtu anaweza kusikia kila kitu na asiweze kutoa kitu. Mtu anaweza pia asisikie chochote na macho yawe wazi. Nilimtazama mama yangu machoni nikatafuta ni ipi kati ya hizo, na sikujua. Mpaka leo sijui. Alifariki siku iliyofuata, na hakuna kitabu kitakachoniambia.

Nimekwama. Hapana, si neno. Ngojeni tu.

Chuo hakikunirudisha. Ninachofundisha sasa nakifundisha wodini na katika nyumba zenu, kwa ninyi mnaouguza. Kaseti zangu nazisikiliza upya, ninatafuta maswali. Nilirudi Misungwi kwa yule mama wa kesho, nikakaa na mumewe. Siku hizi mzee yule anamwuliza, "Tutapanda lini mahindi?" Anajibiwa kesho. "Wajukuu wanakuja lini?" Kesho. Anasema wanazungumza sasa. Kuna mzee yuko humu mbele yangu, neno lake ni bado, na mkewe amegundua kumwuliza kama ameshiba. Cheka tu, mzee, unazidi kunenepa.

Ninachowapa ndicho hicho, sina kikubwa zaidi. Mgonjwa wako akikujibu vibaya, usimsahihishe kwanza. Tafuta swali ambalo jibu lake hilo linalifaa, mpe, mwache ashinde. Na usichelewe.

Namshukuru mke wangu, yuko pale mlangoni, anachukia kutajwa. Namshukuru dada yangu. Nawashukuru wauguzi walionigeuza kitandani bila kunicheka. Namshukuru mkwe wangu, ambaye baada ya msiba alikuja tena, hakusubiri kuamkiwa, akafungua kiganja changu kizima akaniwekea kahawa za kutafuna kama wanavyomkaribisha mgeni kwao, tukatafuna pamoja. Nawashukuru watoto wa Igogo pia. Hawakuurudia ule mchezo tangu siku walipoona mama amekunja goti.

Sasa kina mama wa mstari wa mbele, naomba jambo moja. Wengi wenu ni wadogo kwangu, najua, msione haya. Kuna shikamoo niliibeba kwa meli mpaka Nansio, nikaiweka mikononi mwa mwenyewe, na haijaitikiwa mpaka leo. Nisaidieni. Mimi nitasema, na ninyi, kwa niaba yake, mnijibu.

Shikamoo, mama.